Muache Jasusi, Mtazame Bosi Wake

Tangu Amazon watangaze Februari 2025 kwamba sasa wao ndio wenye usemi wa mwisho kwenye muvi za James Bond, kazi ambayo familia ya Broccoli ilikuwa imeishika toka muvi ya kwanza ya 1962, gumzo limekuwa moja tu, nani atacheza Bond. Awe mweusi, awe mwanamke, awe kijana mdogo, kila mtu ana staa wake. Na sisi Wabongo tukishachoka na ya wenzetu tunarudi nyumbani, mtu anaibuka kwenye grupu anauliza "na Willy Gamba wetu je, atafufuliwa lini", yaani yule jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba, wakubwa wanaanza kukumbushana walivyokuwa wanasoma chini ya dawati mwalimu akiwa ubaoni, wiki inaisha na mada imekufa. Binafsi naona maswali yote mawili yanamkodolea macho mtu ambaye siye.

Hoja yangu ni kwamba shujaa wa kijasusi anayerudi kitabu baada ya kitabu haishi kwa bastola yake wala kwa pombe anayoagiza wala kwa sura itakayomvaa. Anaishi kwa sababu kuna mtu anamtuma, na msomaji amekubali moyoni kwamba huyo mtu ana haki ya kutuma. Siku msomaji akiacha kumwamini bosi, jasusi naye anachakaa hata kama shabaha yake ni ile ile, na mwandishi anabaki kumtafutia bosi mwingine au kumwachisha kazi. Ukivisoma hivi vitabu kwa jicho hilo utaona kwamba chini ya zile risasi na magari yanayokimbizana kuna stori moja ndefu ya wananchi na wakubwa wao, na ndiyo maana vitabu ambavyo walimu wetu walituambia ni vya kupotezea muda vinasema mambo ambayo vitabu vya heshima havisemi.

Kwanza tutoe hii ishu ya Amazon njiani maana wengi wameielewa vibaya. Walichopata ni usukani wa muvi. Bond wa vitabuni yuko kwenye kampuni ya familia ya mwandishi wake, Ian Fleming, na huyo Bond alishabadilisha mikono zamani sana. Fleming alifariki Agosti 1964, miaka minne baadaye Kingsley Amis akatoa kitabu kipya cha Bond kwa jina la bandia, John Gardner akapewa kazi kuanzia 1981 mpaka 1996, akaja Raymond Benson, halafu wakapita kina Sebastian Faulks, Jeffery Deaver, William Boyd, Anthony Horowitz. Kwa hiyo anayelia leo kwamba Bond ameuzwa amechelewa zaidi ya miaka hamsini. Swali la maana ni kwa nini mtu huyu anaweza kuandikwa na mikono yote hiyo na bado akatambulika, na jibu langu ni kwamba ofisi yake haikuhama. Mlango wa M, bosi wake, upo, Moneypenny, katibu wa M, yupo nje ya huo mlango, taa nyekundu inawaka juu yake, faili linasubiri mezani. Ukiijua ile ofisi unaweza kumwandika.

Na Fleming mwenyewe aliijua kweli. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa msaidizi wa Admirali John Godfrey, mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza, na wengi wanakubaliana kwamba M ametokana sana na yule mzee. Ila tazama mwaka aliotoa kitabu cha kwanza, 1953. Miaka miwili nyuma, Burgess na Maclean, maofisa wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, walikuwa wametorokea kwa Warusi, makoloni yanaondoka moja moja, 1956 wakaaibika kule Misri kwenye mfereji wa Suez. Yaani mabosi halisi walikuwa wanavurunda kila siku magazetini, huku kitabuni kuna mzee mmoja mkali mwenye kiko ambaye akisema nenda unaenda. Bond alikuwa dawa ya usingizi kwa taifa lililokuwa limeanza kuwatilia shaka wakubwa wake. Fleming hakuwa mjinga, shaka hiyo aliiona, katika kitabu kile kile cha kwanza Bond anataka kujiuzulu baada ya kuteswa, anasema hajui tena nani mwema nani mbaya. Na riwaya yake ya mwisho ya Bond, iliyotoka 1965 yeye akiwa kaburini, inaanza na Bond aliyevurugwa akili na Warusi akiingia ofisini kwa M kumuua kwa sumu. Kioo kinashuka kutoka darini kati yao, M anapona. Halafu M anafanya nini? Anamtibu, anampa kazi nyingine, kazi ya hatari kiasi kwamba asiporudi basi. Mimi nikisema hivi vitabu vinahusu mabosi sijatoa hewani.

Sasa njoo 1974, mwaka ninaoupenda kuliko yote kwenye hii habari. London, John le Carré anatoa kitabu ambacho George Smiley anaitwa kutoka kustaafu kumtafuta msaliti, na msaliti yuko juu kabisa, ndani ya ofisi yenyewe. Le Carré alikuwa amefanya kazi kwenye idara za ujasusi za Uingereza, na Kim Philby, aliyekuwa mkubwa kwenye ujasusi wa Uingereza huku akiwatumikia Warusi, alikuwa ametoroka Beirut Januari 1963 kwenda Moscow. Kwa hiyo kule tayari bosi ndiye mtuhumiwa. Mwaka huo huo, Dar es Salaam, Elvis Musiba anatoa Kufa na Kupona, Willy Gamba anaitwa na Chifu, bosi wake, siri za Kamati ya Ukombozi ya Afrika zimeibwa, Gamba anatupwa Nairobi kuzisaka. Na hakuna ukurasa hata mmoja ambao msomaji anajiuliza kama Chifu ni mtu safi. Hakuna haja! Vitabu viwili vya mwaka mmoja, kazi ile ile, wasomaji wawili tofauti kabisa mbele ya serikali zao.

Hapa ndipo wanapokuja wale wanaosema Gamba ni kopi ya Bond aliyepakwa masizi. Hoja yao ina uzito, tusiwadharau. Gamba anavaa vizuri, anakunywa, wanawake wanamfia, anapigana na watu sita na haumii sana, Chifu ni M aliyehamia Dar, na wataalamu wa riwaya pendwa wameyasema hayo miaka mingi. Ukiniuliza Musiba alisoma Fleming, nitakwambia sioni angewezaje kutomsoma. Lakini kopi ni ya koti, aliyelivaa ni mwingine. Bond alikuwa analinda dola inayosinyaa, na adui yake ikabidi mwandishi ambunie genge zima la wahalifu wa kimataifa. Gamba hakuhitaji kubuniwa adui. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliundwa 1963, makao yake yakawa Dar mpaka ilipofungwa 1994, mji ulijaa vyama vya wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, PAC, SWAPO, ZANU, MPLA, na palipo na hao wote wapelelezi wa Wareno na Makaburu hawakosi. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu Oysterbay na bomu likamuua hapo hapo. Amilcar Cabral akapigwa risasi Conakry Januari 1973. Baadaye Ruth First akauawa Maputo 1982, bahasha ya posta nayo. Mtu aliyeishi Dar miaka ile akisoma kwamba kuna kikosi cha wauaji kinawawinda viongozi wa ukombozi na Gamba anapandishwa ndege kwenda Kinshasa, kama ilivyo kwenye Kikosi cha Kisasi cha 1979, haoni ndoto za Kizungu pale, anaona gazeti la jana limepewa mwisho mzuri.

Kile kitabu nilikisoma kwa nakala isiyo na jalada, imefunikwa gazeti, na kurasa mbili za katikati zilikuwa zimenyofolewa na mtu (nadhani mnajua ni kurasa za aina gani). Nilichokumbuka miaka yote siyo ngumi. Ni ile simu ya Chifu. Yaani wazo kwamba mahali fulani kwenye jengo fulani mjini kuna mtu mzima ambaye halali kwa sababu yetu.

Tofauti hii inaonekana hata ukivuka mpaka tu. David Maillu wa Kenya alipotengeneza jasusi wake, Benni Kamba namba 009, kwa Kiingereza, mwaka 1980, hakumkabidhi kwa serikali ya Nairobi. Alimbunia shirika la ujasusi la Afrika nzima, kitu ambacho hakipo duniani. Unaweza kusema alitaka ukubwa wa Kiafrika na sitabisha, ila mimi naona pia mwandishi aliyeangalia dirishani akaona hakuna bosi ambaye wasomaji wake wangempigia makofi, akaamua kumtengeneza wa kufikirika.

Wamarekani safari yao ni ndefu na ya vituko zaidi. Tom Clancy alianza 1984 na Jack Ryan, mchambuzi wa CIA, mtu wa mafaili mwenye mke na watoto, serikali ni nzuri, manahodha ni waaminifu, zama za Reagan kabisa. Ryan akapanda cheo, akapanda, mpaka mwishoni mwa kitabu cha 1994 ndege inaangukia bunge lao na yeye anajikuta rais. Sasa rais atatumwa na nani? Shujaa akishakuwa bosi amekwisha, na Clancy ikabidi 2003 amlete mtoto wa Ryan na kumwajiri kwenye ofisi ya siri iliyo nje ya serikali, isiyokaguliwa na bunge, yenye karatasi mia za msamaha zilizosainiwa mapema na rais zikiwa hazijajazwa majina. Soma hiyo mara mbili. Mwandishi aliyeiamini serikali kuliko wote ameishia kuiweka haki nje ya serikali. Mitch Rapp wa Vince Flynn yuko njia hiyo hiyo, bosi wake wa CIA ni mwema lakini maseneta ni nuksi, nusu ya hasira za vitabu vile ni kwa wanasiasa wanaomchelewesha kuua. Flynn alifariki 2013 akiwa na miaka 47 tu, Kyle Mills akaendeleza kuanzia 2015, kisha Don Bentley kuanzia 2024, na Rapp hakutetereka, kwa sababu waliorithi walirithi ile hasira. Bunduki ni za kununua tu.

Halafu kuna waliomfukuza bosi kabisa. Lee Child, Mwingereza, alipunguzwa kazi kwenye kituo cha televisheni mwaka 1995, akanunua karatasi na penseli, 1997 akamleta Jack Reacher, meja wa zamani wa polisi wa jeshi la Marekani ambaye hana nyumba, hana simu, hana begi, ana mswaki wa kukunja mfukoni, na hakuna binadamu anayeweza kumwambia kesho njoo saa mbili. Mtu aliyetoka kufukuzwa ndiye aliyeandika shujaa asiyefukuzika, sijui mnahitaji ushahidi gani tena. Baada ya vita ya Iraq ya 2003, ambapo wakubwa waliwaambia wananchi kuna silaha za maangamizi na silaha hazikuonekana, hawa wakawa wengi. Court Gentry wa Mark Greaney (2009) anawindwa na CIA iliyomfundisha. James Reece wa Jack Carr (2018) ni komandoo ambaye wenzake na familia yake wameuawa kwa njama zilizoanzia kwa watu wake mwenyewe. Na Carr, kwa kuwa naye alikuwa komandoo wa majini, ilibidi apeleke mswada wizara ya ulinzi ukaguliwe, waliyoyafuta akayaacha kitabuni hivyo hivyo na mistari myeusi. Bosi yuko mpaka kwenye karatasi unayoisoma.

Turudi kwetu, maana kuna mtu nimemruka kwa makusudi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tulizoea kuwaweka Gamba na Kiango kwenye kapu moja na kubishana nani mkali, ubishi mtamu sana lakini ulitufunika macho tusione kwamba Kiango hajaajiriwa. Ni mpelelezi wa kujitegemea. Inspekta Kombora anamhitaji, anamtafuta, anakasirishwa naye, lakini hawezi kumpa amri, na Kiango akiamua na Nuru wake kuondoka mjini wanaondoka. Naye alipambana na Makaburu, naye aliipenda nchi, ila mapenzi yake hayakupitia kwenye mshahara. Mtobwa, mtoto wa Kigoma, alikuja kidogo nyuma ya Musiba, wakati foleni za sukari na walanguzi zimeshaanza kuwafundisha watu kwamba ofisi ya serikali siyo lazima iwe upande wako. Mimi naamini, na hapa ni maoni yangu tu, ndiyo maana ukimsoma Kiango leo hajazeeka kama Gamba.

Kwa sababu Gamba alipatwa na kitu kibaya kuliko risasi. Alishinda. Aprili 1994 Waafrika Kusini wakapiga kura, Kamati ya Ukombozi ikafunga ofisi mwaka huo huo, na Chifu akabaki na meza isiyo na faili ambalo nchi nzima ingelisimamia wima. Ukampa nini? Dawa za kulevya, majambazi, ndiyo, lakini hiyo ni kazi ya polisi. Wengi wanasema Gamba alikufa na Musiba, hapana, mwandishi alikuwa hai miaka mingi baada ya hapo, na kilichokuwa kinakosekana siyo wino. Na kuanzia miaka ya 2016, 2017 hivi ukaingia msemo kwenye lugha yetu, "watu wasiojulikana". Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi mchana kweupe Dodoma, na mpaka leo waliofanya vile jina lao ni hilo hilo. Sisemi nani ni nani, sina ushahidi na siyo kazi ya makala hii. Nasema tu kilichotokea kwenye kichwa cha msomaji. Mwaka 1979 ukiandika "gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba, akashuka mwanaume mrefu aliyevaa suti", msomaji anafurahi, Gamba kafika. Andika sentensi hiyo hiyo leo uone msomaji anawaza nini.

Wapo wanaopinga jambo hili zima la kufufua, wanasema shujaa ni wa mwandishi, azikwe naye. Hawa nawaheshimu, kuna vitabu vingi vya kurithi ambavyo ni sanamu zimevalishwa nguo za marehemu. Lakini hoja yao inamsahau msomaji aliyemlea yule shujaa kwa kununua nakala ya kumi na kumwazima jirani. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotupwa haraka kumaliza mjadala, kwamba "siku hizi watu hawasomi". Jamani. Watu wanasoma hadithi kwenye simu kuanzia kituo cha daladala mpaka kitandani, episodi ya arobaini na mbili, wanamtukana mwandishi akichelewesha episodi ya arobaini na tatu, wanamtumia hela kwenye simu ili aendelee, na stori nyingi kati ya hizo ni za ujasusi na makomandoo. Kinachokosekana ni vitabu vya kina Musiba na Mtobwa kupatikana kirahisi bila kupiga magoti Kariakoo kwenye marundo ya mitumba ya vitabu, na hilo ni tatizo la wachapishaji na haki miliki, msomaji msimsingizie. Halafu ukizisoma hizo hadithi za kwenye simu utagundua kitu, shujaa mara nyingi ni mtu aliyesalitiwa na idara yake. Waandishi vijana wameshajibu swali ambalo sisi kwenye magrupu bado tunaulizana.

Kwa hiyo siku mtu atakapopata ruhusa ya warithi na kukaa kumwandika Gamba, achana na muigizaji gani atafaa, mimi nitauliza Chifu ni nani. Akimweka mwaka huu na Chifu yule yule msafi, hakuna atakayeamini kufika ukurasa wa ishirini. Akimfanya Gamba awakimbie waliomtuma, atapata kitabu kinachosomeka lakini atakuwa ameandika Court Gentry wa Sinza. Njia ninayoiona mimi ni waliyopita Horowitz, aliyemrudisha Bond 1957, na Nick Harkaway, mtoto wa le Carré, ambaye 2024 alimrudisha Smiley wa baba yake mwaka 1963. Mrudishe Gamba kwenye miaka yake. Kongwa, Nachingwea, Mazimbu, huko walikokuwa wanaishi wapigania uhuru, kuna habari kule ambazo hazijaandikwa robo. Ila asiirudishe kama picha ya ukutani, kwa sababu hata miaka ile simu ya Chifu haikuwa nyepesi kila mara. Mwaka 1976 Andreas Shipanga na wenzake wa SWAPO waliokuwa wanahoji viongozi wao walikamatwa Zambia, na walipoanza kudai haki yao mahakamani huko wakapandishwa ndege na kuletwa Tanzania, wakafungwa bila kesi mpaka 1978. Wapigania uhuru, ndani ya magereza yetu. Kuna mtu alipewa ile kazi ya kuwapokea uwanjani. Nataka kumsoma Gamba asubuhi ile, simu inalia, Chifu anamwambia faili liko mezani, sauti ni ile ile ya miaka yote, na Gamba kwa mara ya kwanza ameshika mkonga hajasema ndiyo.